Nirudi Guild Wars kuzurura tu?

SWALI: Kaka, gemu hii ya mtandaoni niliicheza sana kabla sijaoa, sasa nataka kurudi ila sitaki vita na watu, nataka kuona ramani tu. Nitakuta mahame?

JIBU: Ipo mdogo wangu, toka 2005 hadi leo seva ziko hewani na hakuna kulipia kila mwezi. Watu wamepungua ndio, ila unajaza timu na wapiganaji saba wa kompyuta mnaondoka zenu. Halafu kuna cheo cha mchora ramani, unatembea umejibana ukutani ukungu unaofunika ramani ufutike kidogo kidogo, mie kona moja tu ilinila jioni nzima (wife alinuna). Anza na karakta mpya, zubaa kwanza Ascalon ile ya nyasi kijani, eneo la kuanzia gemu, maana ukishatoka pale karakta huyo harudi tena.