Jeraniamu yangu ya porini inanyauka. Niing'oe?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwaka jana nilinunua jeraniamu nyekundu za vyungu, zikafa zote baridi ilipoingia. Aprili hii jirani akanigawia ya kwake, anasema ni ya porini, asili yake hukuhuku. Niliipanda chini ya mwaloni nyuma ya nyumba, na Mei ikatoa maua ya zambarau hafifu, mazuri mno. Sasa ni Julai, majani yamegeuka manjano na mengine yamelala chini. Niongeze mbolea, au niing'oe nipande kitu kingine?
Mama wa watoto wawili, Columbus, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka jembe chini kwanza.

Zile za vyungu ni pelagonia, asili yake Afrika Kusini, na barafu huziua. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliziweka kundi moja na jeraniamu mwaka 1753. L'Héritier, mwenzake wa Ufaransa, akazitenga mwaka 1789, lakini wauza maua wanaendelea na jina la zamani mpaka leo. Ya jirani yako ni Geranium maculatum, mmea wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Baridi ya Ohio haiuogopeshi hata kidogo. Unachouchosha ni ukame wa kiangazi, na mwaloni wako unazidisha, maana mizizi yake hunywa maji yote ya hapo. Ukizidiwa, mmea huacha majani yafe na kujificha kwenye tunguu lake, lile shina nene lililolala ndani ya udongo. Fukua taratibu kwa kidole: tunguu likiwa gumu, mmea uko hai, na majira ya kuchipua utauona tena.

Kwa kuwa ni mwaka wake wa kwanza, mvua isiponyesha mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame chini kabisa. Usilowanishe kila siku, tunguu litaoza. Mbolea ya dukani achana nayo. Mwaloni ukipukutisha majani, yaache hapohapo. Yakioza ndiyo chakula chake. Mimi hupanda kangaga kando ya jeraniamu zangu, kwa hiyo zikinyauka hapabaki uwazi wa kunikera.

Dawa ya wadudu, nakusihi, usipulizie hapo. Kuna nyuki mdogo anayeitwa Andrena distans, huyu huwalisha wanawe chavua ya jeraniamu, na hujichimbia kiota ardhini. Ndiyo maana hata magome ya kutandaza simwagi kwa wingi. Nyuki huyu anahitaji udongo anaoweza kuufikia. Mwezi Mei mimi huketi pale na kahawa yangu nikiwatazama, na sijaona ua la duka linalonipa raha hiyo.

Mwakani wanao watafurahia mbegu. Ua likishazeeka hutoa kitu kirefu chenye ncha, mfano wa mdomo wa korongo, na kikikauka hupasuka kama mbarika juani, mbegu zikarushwa mbali. Ukizitaka, kivalishe kitu hicho kifuko cha kitambaa chepesi kabla ya mdomo huo kuwa mweusi. Zipande nje kabla ya majira ya baridi, kwa sababu bila kupitia baridi ndefu hazioti vizuri. Maua yake utayasubiri miaka miwili au mitatu. Njia ya haraka ni kugawa tunguu mapema majira ya kuchipua: kila kipande kiwe na chipukizi, kifukie sentimita 2 au 3 tu, na uache nafasi ya sentimita 40 hivi. Lakini lako bado changa, lipe miaka mitatu kwanza.

Ukitamani nyingine kabla ya hapo, nenda kwenye kitalu cha mimea ya asili, utaje jina lake la Kilatini, Geranium maculatum, na uulize kama wameiotesha wenyewe au imechimbwa porini. Iliyochimbwa porini usiinunue.