Wapya wa Hansard ya Malodi, someni jina hadi mwisho

Kila wanapokuja wapya na kupewa kazi ya kukusanya michango ya lodi mmoja (mjumbe wa House of Lords, baraza la juu la bunge la Uingereza) kutoka Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala, ripoti ya kwanza huwa na makosa yaleyale, utadhani wanarithishana pamoja na kiti. Haya, kwa mara nyingine tena.

1. Jina linakiliwa zima. Ukiandika "Lord Taylor" hujamtaja mtu. Katika miaka ya 2010 walikuwapo wa Holbeach, wa Warwick na wa Goss Moor, kwa wakati mmoja. Huo ni mtego mwepesi, maana safu ya Hansard yenyewe inakuonyesha. Mgumu ni cheo kinachorithiwa. Tafuta "Viscount Hailsham" bila kufunga miaka uone: babu, Douglas Hogg, alikishika tangu 1929 hadi alipofariki 1950. Mwanawe Quintin akakirithi, akakikana 1963 arudi Baraza la chini, kisha 1970 akaingia tena kwa Malodi akiwa Lord Hailsham of St Marylebone. Mjukuu, naye Douglas Hogg, aliingia 2015, na Hansard ikamwandika Viscount Hailsham. Mwenye pupa humbebesha mjukuu hotuba za babu, na jina la kuzaliwa halimwokoi! Maaskofu wanaokaa barazani ndio kabisa, kwa kuwa cheo hufuata jimbo. Lord Bishop of London wa 1995 hadi 2017 ni Richard Chartres. Aliyeanza 2018 ni Sarah Mullally. Naye Chartres alirudi barazani kama Lord Chartres. Kwa hiyo, kabla ya kunakili sentensi hata moja, andika juu ya karatasi jina zima, siku aliyoingia na siku aliyotoka, halafu ndipo ufunge tarehe za utafutaji.

2. Kuondoa marekebisho si kushindwa. Hatua ya kamati, mswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu, mara nyingi lodi huwasilisha marekebisho ili waziri alazimike kueleza kifungu kina maana gani. Akishajibiwa, anaomba idhini ya kuyaondoa. Idhini hiyo hutaka baraza zima likubali. Sauti moja ikikataa, hoja lazima ihojiwe, yaani baraza liulizwe linayakubali au linayakataa. Kwa hiyo usiandike "alirudi nyuma". Nenda hatua ya ripoti, inayofuata ile ya kamati, uangalie kama ameyaleta tena, kwa maneno gani, na kama safari hii ameomba kura. Huko mara nyingi ndiko anakopima nguvu zake, si kwenye kamati.

3. Idadi ya michango haipimi kitu. Hatua ya kamati anaruhusiwa kusimama mara nyingi kwa marekebisho yaleyale, na kila kudakia kwa sentensi moja kunaandikwa peke yake.

4. Waziri anayesoma taarifa anasemea serikali. Maneno hayo yape faili la peke yake. (Ndiyo, hata kama umeipenda ile hotuba.)

5. Rejea: tarehe, juzuu, safu. Safu yenye GC ni ya Grand Committee, kamati inayokaa nje ya ukumbi wa baraza, na huko hawapigi kura, basi usikeshe ukitafuta alivyopiga. Maswali ya maandishi yana namba zinazoanza na HL; usiyachanganye na yale ya mdomo.