Hitilafu za async: zote zipitie mlango mmoja

Mwishoni mwa 2021 nilikuwa natunza API (programu ya seva inayojibu maombi ya app) ya oda za duka moja la mtandaoni, iliyoandikwa kwa JavaScript ya Node.js na Express 4, fremu ya kupokea na kujibu maombi. Lalamiko lilikuwa lilelile: mteja anabonyeza "Lipa", kiduara kinazunguka weee, mwishowe anabonyeza tena. Kumbe fanksheni ya async (inayotoa jibu lake baadaye) ikifeli, Express 4 haina habari. Promisi, yaani ahadi ya jibu la baadaye, inakataliwa pembeni, ombi linabaki linaning'inia mpaka simu ya mteja ichoke kusubiri. Tukapandisha Node kutoka 14 hadi 16, hali ikawa mbaya zaidi: tangu toleo la 15, promisi iliyokataliwa bila mtu wa kuidaka huangusha programu nzima. Oda moja mbovu, seva chini.

Nikajaza try/catch, yaani jaribu-na-udake-kosa, kila mahali. Nilijuta. Njia (anwani za API) zaidi ya 40, kila moja na jibu lake: hii 400 (kosa la mteja), ile 500 (kosa la seva), nyingine inamrushia mteja ujumbe wa hifadhidata kama ulivyo, hadi majina ya majedwali. Kijana wa app ya simu akaniuliza asome lipi.

Kilichonitoa ni hiki, kifuniko kinachodaka kosa na kulipitisha mbele kwa endelea:

const daka = kazi => (ombi, jibu, endelea) =>
  Promise.resolve(kazi(ombi, jibu, endelea)).catch(endelea);

Kila njia ikavikwa daka, na chini kabisa, baada ya njia zote, nikaweka fanksheni moja ya kupokea makosa. Yenyewe ndiyo inaamua. Hifadhidata, PostgreSQL, ikitoa kosa namba 23505, yaani thamani isiyotakiwa kujirudia imejirudia, mteja anapata 409 (mgongano). Kosa nisilolitambua linapata 500 na sentensi fupi; maelezo kamili yanaenda kwenye logi pamoja na namba ya ombi. Kama jibu limeshaanza kutumwa, usijaribu kutuma lingine: mkabidhi Express kosa hilo kwa endelea, yeye atafunga muunganisho.

Hapo kuna mtego ulionila nusu siku. Fanksheni hiyo ina vigezo vinne: kosa, ombi, jibu, endelea. Mwanzoni sikuwa nakitumia cha nne, kikagua msimbo (linter) kikanilalamikia, nikakifuta. Express haisomi majina ya vigezo (ndiyo maana naweza kuyaandika kwa Kiswahili), inahesabu idadi. Vikiwa vitatu, kwake hiyo ni fanksheni ya kawaida, na kosa likitokea inairuka tu. Mteja akaanza kupokea ukurasa wa HTML badala ya JSON, muundo wa data ambao app inausoma.

Express 5, iliyotoka mwaka 2024, inapeleka yenyewe promisi zilizokataliwa, kwa hiyo mradi mpya hauhitaji daka. Lakini ukiita fanksheni ya kutuma SMS ukasahau await (neno la kusubiri jibu), na usirudishe promisi yake, hakuna toleo litakalokuokoa; kosa linatokea nje ya mlango. Vivyo hivyo kwa kilichomo ndani ya setTimeout, yaani kazi iliyopangiwa kufanyika baadaye. Mimi nimewasha kanuni ya no-floating-promises ya typescript-eslint, kikagua msimbo wa TypeScript; huonya promisi ikiachwa bila kusubiriwa. Siku ya kwanza ilinionyesha sehemu tisa, mbili kati yake kwenye malipo.