Taa ya Mataji ikikuzimikia, washa tena

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja yuko Mwanza, kaolewa mwaka huu, Navratri yake ya kwanza, sikukuu yetu Wahindu ya siku tisa za mungu Mama, kwenye nyumba yake mwenyewe. Kawasha akhand diya, ile taa isiyotakiwa kuzima siku zote tisa, usiku wa tatu kaamka saa kumi kakuta giza, ananiuliza: dada, Mataji, Mama yetu huyo, kanikasirikia? Nililia jamani, maana huyo ni mimi kabisa, mimi wa miaka 11 iliyopita.

Nilikuwa bibi harusi mpya hapa Dar na nilitaka wakwe waone naweza. Ba, bibi yangu mzaa mama, alikuwa anamweka Amba Maa, ndiye Mataji huyo huyo, kwenye kabati la jikoni, picha moja tu, Mama juu ya chui milia, silaha kila mkono, basi. Mimi nikaona hiyo ndogo. Nikanunua sanamu, nikapanga kalash, chombo kitakatifu cha maji, na majani ya mwembe na nazi, nikaotesha shayiri, nikafunga bila nafaka, muhogo na viazi na maziwa tu, halafu nikaahidi kusoma Durga Saptashati nzima, kitabu cha sifa za Mama, beti 700, na huku taa inawaka. Usiku wa saba, usiku wa Kalaratri, sura kali ya Mama, umeme ukakatika, joto, nikafungua madirisha nikaenda kuoga, kurudi upepo umeshaizima.

Asubuhi shangazi mmoja wa upande wa mume akasema mbele ya wanawake wote waliokuja kwenye aarti, ibada ya kumzungushia Mama taa, kwamba nyumba hii haina mikono ya kumshika Mataji. Miezi miwili baadae mimba yangu ikatoka, akalirudia neno lile lile. Sijalisahau mpaka leo. Miaka miwili sikuwasha hata njiti ya kiberiti mbele ya Mataji.

Kilichonirudisha ni hadithi yenyewe, ile tunayoisikia toka utotoni bila kuisikiliza. Mahishasura, jini nyati, alishapewa ahadi kwamba hatauliwa na mwanamume yeyote, akawafukuza miungu mbinguni. Wao ndio wakaunganisha nuru zao, ikatoka Durga, Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu chakra, kisahani cha vita, Himalaya, mfalme wa milima, akampa simba. Yaani alikuja kwa watu walioshindwa, hakungoja wapange vyombo vizuri kwanza! Halafu tulipoenda Gujarat kule India tukafika Ambaji, hekalu la Mama, nilitegemea kuona sanamu kubwa, kumbe mle ndani hamna sanamu, kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu, makuhani wanaivalisha nguo na mapambo mpaka kwa mbali unaona kama Mama amekaa. Nikamkumbuka Ba na kabati lake.

Kwa hiyo dada yangu, anza na kidogo. Picha moja, kitambaa chekundu, maua mekundu, taa asubuhi na jioni. Akhand diya ni ya nyumba ambayo kuna mtu muda wote, kama wewe na mumeo mnatoka kazini saa kumi na moja usiahidi hiyo, na usiache moto peke yake. Ukiweza kuiweka, basi chukua taa ya shaba yenye tumbo kubwa, utambi mnene, ikinge na kioo, iweke juu ya sinia mbali na pazia na feni. Kabla hujagusa utambi washa kidiya kidogo kutoka kwenye ile taa kubwa, ikizima unao moto ule ule wa kuirudishia. Hilo hakuna aliyeniambia, nimejifunza kwa machozi. Na narudia, anza na kidogo.

Mwaka huu taa yangu imewaka siku zote tisa, mara ya sita sasa, shayiri imepanda mpaka imefunika kalash, na wanawake wa jengo zima walikuja kwangu. Nawaambia wasichana wetu, mnacheza garba, ngoma ya Navratri, ukumbini mpaka saa sita usiku na chaniya choli, sketi na blauzi, mpya kila siku, halafu dakika tano za aarti nyumbani mnasema mmechoka. Mama mnamchezea na hamjamsalimia. Salimieni kwanza.

Dada wa Mwanza, safisha taa, weka utambi mpya, mwombe Mama radhi, uwashe leo jioni. Samli ikiisha, mafuta ya ufuta yanafaa.