Sukari Iko Juu, Upasuaji Umeahirishwa: Msimhamishe Baba

Juzi dada mmoja kaniandikia. Baba yake alikuwa apasuliwe kifua, sukari ikasoma 16 (mmol/L), madaktari wakaahirisha. "Kaka, tumhamishie kwingine?" Nilimjibu usiku uleule: msimhamishe. Leo namweleza kwa nini.

Mimi nilikuwa na kisukari mwaka wa 11 mishipa ya moyo ilipoziba. Niliogopa kuahirishiwa kuliko nilivyoogopa kisu. Basi siku nne kabla nikajinyima chakula ili kipimo cha kidole kisome vizuri. Kikasoma 7. Nikafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Sikujua kwamba nimekidanganya kidole tu. Mwili ulikuwa na sukari ya miezi 3 nyuma, ile inayoonekana kwenye kipimo cha HbA1c.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Siku ya pili sukari ikapanda hadi 19, na sijala kitu. Nesi akanieleza kwamba mwili ukipasuliwa humwaga homoni za mshtuko, nazo husukuma sukari juu. Wakanitundikia insulini, nikanung'unika.

Siku ya 9, nikiwa nyumbani, shati liligoma kubanduka kifuani. Nilipolivuta taratibu, chini ya mshono palikuwa na doa la manjano, dogo kama kifungo. Halikuuma, nikalinyamazia siku mbili. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilirudishwa ndani na homa, mshono ukafunguliwa, usaha ukasafishwa. Kidonda kilichukua wiki 7 kufunga. Ndugu mmoja alisimama mlangoni akasema, "Kajitakia." Sijasahau mpaka leo.

Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu huwa goigoi, bakteria wanapata nafasi. Mishipa midogo nayo haipeleki damu ya kutosha kwenye kidonda. Na mfupa wa kidari, uliofungwa kwa waya, unahitaji kama wiki 8 hadi 12 kuunga hata kwa asiye na kisukari. Ukivimba usaha hapo, hicho si kidonda cha kuoshea nyumbani.

Kwa hiyo pimeni sukari, muandike. Baada ya upasuaji hospitali nyingi hutaka isivuke 10. Insulini si adhabu, baba asiikatae. Wengi hurudi kwenye vidonge baadaye. Tajeni kila dawa anayotumia, maana zile zinazotoa sukari kwa mkojo husimamishwa siku chache kabla, ila asiache mwenyewe bila kuambiwa. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Asijivute kwa mikono kuinuka kitandani. Kama watachukua mshipa wa mguuni kuupitishia damu moyoni palipoziba, mguu nao ukaguliwe kila siku. Na pimeni sukari, nasema tena, hata siku anayojisikia mzima.

Jamani, tuache kuwadanganya madaktari! Mimi leo HbA1c yangu ni asilimia 6.8, kovu limekauka, napanda ngazi bila kusimama. Nimeipata namba hiyo kwa miezi ya nidhamu, ileile niliyoikataa kabla ya kisu.

Dada yangu, daftari la vipimo mwende nalo kila kliniki. Ila maumivu ya kifua yakimshika baba akiwa ametulia, au akihema kwa shida, msingoje tarehe mpya. Mpelekeni saa hiyohiyo.