Kocha aliyetimuliwa mlangoni mwa mahakama

Toleo lililopita nilimtaja Mike Leach kwa mistari miwili tu, nikasema ni kocha wa futiboli ya Kimarekani (ile ya helmeti na mabega makubwa) aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Texas Tech mwaka 2009 kwa tuhuma za kumnyanyasa mchezaji, nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamejaa, na nusu ya waulizaji wananilaumu mimi utadhani ndo niliyemfukuza. Haya twende.

*Shikamoo anko. Huyo Leach alifanya nini hasa mpaka kibarua kikaota nyasi? Wengine wanasema alimfungia mchezaji kabatini, wengine wanasema ni uzushi mtupu. Tupe ukweli wote usituzungushe.*

Marahaba. Tarehe 16 Desemba 2009 mchezaji mmoja wa Texas Tech, anayecheza nafasi ya kupokea pasi, aliumia mazoezini, daktari akamkuta ana mtikisiko wa ubongo, akaambiwa apumzike. Kesho yake dogo akaja uwanjani kavaa nguo za mtaani na miwani ya jua maana mwanga ulikuwa unamuumiza, kama unavyowaumiza wengi waliogongwa kichwa. Leach alipomwona anatembeatembea namna ile akamaindi, akaagiza apelekwe kwenye kibanda cha vifaa kando ya uwanja akae humo gizani mpaka mazoezi yaishe. Siku mbili baadaye ikatokea tena, safari hii kwenye chumba kimoja ndani ya uwanja, na humo kulikuwa na kichumba kidogo cha umeme ambamo dogo aliingia akajirekodi video kwa simu. Video hiyo ndo iliyozunguka mitandaoni na ndo chanzo cha stori za kabati.

Sasa kila upande una toleo lake. Familia ilisema kijana alisimamishwa gizani muda mrefu kama adhabu ya kuumia. Upande wa Leach ukasema hakuna aliyefungiwa, mtu ana shida na mwanga kapelekwa sehemu isiyo na mwanga tatizo nini, halafu dogo mwenyewe alikuwa mvivu na anajiona. Wakaongeza kwamba baba mtu alikuwa anawasumbua makocha kwa simu kutaka mwanae apangwe. Na baba mtu si wa mchezo, ni Craig James, mchezaji wa zamani wa New England Patriots ambaye wakati huo alikuwa mchambuzi wa ESPN, televisheni ileile iliyokuwa inaitangaza hii ishu kila saa. Hapo ndo ngoma ikawa nzito.

Chuo kikamtaka Leach amwombe dogo radhi kwa maandishi, kwa maelezo ya chuo ni kwamba aligoma. Tarehe 28 wakamsimamisha. Akakimbilia mahakamani pale Lubbock, mji kilipo chuo, kuomba aruhusiwe kuiongoza timu kwenye Alamo Bowl, mechi yao ya kufungia msimu. Tarehe 30 asubuhi mawakili wako pale wanasubiri kuingia kwa jaji, wakili wa chuo akamkabidhi wakili wa Leach barua, kafukuzwa. Kwa hiyo ombi la kuondoa kusimamishwa likawa halina kazi tena, huwezi kumrudisha mtu kwenye benchi la timu ambayo si yake. Miaka yote nimesoma habari za makocha kufungashiwa virago na sijawahi kuona aliyetimuliwa kwa taiming kali kama hiyo.

*Kaka, mbona daktari wa timu alisema dogo hakudhurika? Kama hakuumia zaidi kosa liko wapi? Mnapenda kuwaonea watu wakali.*

Ni kweli daktari aliandika kwamba kwa maelezo aliyopewa, alichoambiwa kijana kufanya hakikumwongezea hatari wala madhara. Mashabiki wa Leach wanaishika hiyo sentensi kama hirizi. Ila kuna maelezo mengine huwa wanayaruka, ya mtaalamu wa tiba wa timu, yule aliyetumwa kumpeleka dogo kwenye kibanda. Naye alikubali kwamba dogo hakufanyishwa kitu cha kumuumiza, ila akasema wazi yeye hakukubaliana na kumtendea mtu yeyote namna ile. Huyo ni mtu wa ndani ya timu, mshahara wake unapita kwa bosi huyohuyo.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua utanitukana. Ukimweka mgonjwa gizani kwa ajili ya kumpumzisha, unamwekea na kitanda na mtu wa kumwangalia. Ukimweka kwenye kibanda cha vifaa kwa sababu umekasirishwa na miwani yake hiyo si tiba ni kumkomoa, hata kama bahati nzuri hakudhurika. Mtikisiko wa ubongo hauonekani, hakuna plasta wala gongo, ndo maana ni rahisi kumwambia mtu anajifanya. Na kipindi kile wengi walikuwa hawaelewi kwa kweli, NCAA wanaosimamia michezo ya vyuo kule Marekani mwaka 2010 ndo walikuja kuvilazimisha vyuo viwe na utaratibu ulioandikwa wa kushughulikia mtikisiko wa ubongo. Kwa hiyo Leach alikuwa anaendesha mambo kwa akili za zamani, kama makocha wengi tu wa wakati ule. Hiyo inaeleza, haimsafishi.

*Anko acha unafiki, hii ilikuwa hela tu na wewe unajua!*

Hela ilikuwepo ndio, sikatai hata kidogo. Mwanzoni mwa 2009 Leach na wakubwa wa chuo walivutana wiki kadhaa kuhusu mkataba mpya, maneno makali, mpaka ilidhaniwa anaondoka, mwishowe akasaini miaka mitano kwa dola milioni 12.7. Nguvu ya kudengua alikuwa nayo, maana msimu wa 2008 timu yake ilishinda mechi 11, ikiwemo ile ya 39 kwa 33 dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas ambayo mchezaji wake Michael Crabtree alifunga ikiwa imebaki sekunde moja. Ukimbana bosi wako mpaka akasaini asichotaka usidhani amesahau.

Halafu angalia kalenda. Mkataba ulisema akiwa bado kazini tarehe 31 Desemba anapata bonasi ya dola 800,000. Barua ya kumfukuza imeandikwa tarehe 30. Siku moja. Ila hapa ndo huwa natofautiana na wanaosema "hela tu", kwa sababu hela inaweza kueleza kwa nini chuo kilifanya haraka, haiwezi kufuta kilichotokea tarehe 17 na 19. Vitu viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, kwamba kocha alikosea kwa mchezaji na kwamba mabosi walikuwa wanasubiri akosee.

*Kama alionewa si angeshinda kesi? Naomba ufafanuzi, mimi ni mwanafunzi wa sheria.*

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndo linaloniuma. Alishtaki kweli, na usidhani hajui anachofanya, Leach mwenyewe alisomea sheria Chuo Kikuu cha Pepperdine (na alikuwa hajacheza futiboli ya chuo, cheki maajabu, alicheza raga). Alidai alifukuzwa ili asilipwe. Chuo kikajibu kwamba sisi ni taasisi ya jimbo la Texas na jimbo lina kinga, haliwezi kushtakiwa kudaiwa fedha bila lenyewe kukubali. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Amarillo ikasema sawa, fedha hapati, anachoweza kutafuta ni tamko la mahakama tu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Texas ikakataa kuipitia. Akawashtaki pia ESPN na Craig James, nako hakufika mbali.

Sasa wewe wa sheria utaona tatizo. Hakuna baraza la wazee wa mahakama lililowahi kukaa likasikiliza pande zote mbili na kusema "alimnyanyasa" au "hakumnyanyasa". Kesi iliishia kwenye kinga. Ndo maana miaka yote hii watu bado wanagombana, kila mtu amebaki na toleo lake na hakuna wa kumwambia mwenzie kaa chini mahakama ilishaamua. Na kinga ile haikumuumiza Leach peke yake, na dogo pia ilimnyima nafasi ya kusafishwa, akabaki kuitwa mlalamishi na mtoto wa baba na mashabiki wanaoamini alimfukuzisha kocha bora waliyewahi kuwa naye.

*Mbona mchezaji asingehama tu? Kocha hakupendi, beba begi nenda kwingine, kwani kafungwa kamba?*

Ndugu yangu, kipindi kile kamba ilikuwepo. Ufadhili wa mchezaji ulikuwa unatolewa mwaka mmoja mmoja, ndo ilikuwa sheria tangu 1973 mpaka 2012 walipoanza kuruhusu wa miaka mingi. Maana yake kila kiangazi kocha anaweza kuamua usirudi, na ada yako ikaondoka naye. Ukihama kwenda chuo kingine cha ngazi ya juu unakaa mwaka mzima bila kucheza. Mshahara hakuna. Yaani kocha analipwa mamilioni, anakuja na kuondoka anavyotaka, dogo wa miaka 20 akisema "kocha hapa umekosea" anahatarisha masomo na mpira kwa pamoja. Siku hizi mambo yamebadilika, wanahama kirahisi na tangu 2021 wanaruhusiwa kuingiza hela kwa majina yao, na sidhani kama ni bahati mbaya kwamba makocha nao wamejifunza kuongea kistaarabu.

Na ukitaka kuona jinsi ilivyokuwa, angalia majira yaleyale tu. Desemba hiyohiyo ya 2009 kocha Mark Mangino aliachia ngazi Chuo Kikuu cha Kansas baada ya chuo kuchunguza namna anavyowatendea wachezaji, mtu ambaye miaka miwili nyuma aliwapa ushindi wa Orange Bowl. Januari 2010 Chuo Kikuu cha South Florida wakamtimua kocha wao Jim Leavitt kwa tuhuma za kumkaba na kumpiga mchezaji kwenye vyumba vya kubadilishia nguo wakati wa mapumziko, yeye akakana, mwisho wakamalizana kwa malipo ya dola milioni 2.75. Makocha watatu ndani ya wiki chache. Hao wote walianza kuwa wakorofi mwezi mmoja? Hapana, ni kwamba kwa mara ya kwanza waliokuwa wanalalamika walipata pa kusikilizwa.

*Mimi ni mama wa kijana anayecheza. Nilivyosoma kuhusu yule baba mtu nimeogopa. Nikimpigia kocha simu nitaonekana msumbufu, nisipopiga nitajuta. Nifanyeje mdogo wangu?*

Dada, tofautisha simu mbili. Simu ya "mbona mwanangu hachezi" ndo ile Leach aliyolalamikia, na hapo namwelewa, mzazi unamharibia mtoto, makocha wanaanza kumwona kama mzigo. Simu ya "mwanangu kagongwa kichwa, nani anamwangalia na karudi mazoezini kwa ruhusa ya nani" piga hata usiku wa manane, na usimpigie kocha, mpigie daktari au mkuu wa michezo. Mwaka 2018 pale Chuo Kikuu cha Maryland kijana anaitwa Jordan McNair, miaka 19, alizidiwa na joto mazoezini tarehe 29 Mei, akafariki tarehe 13 Juni. Kocha DJ Durkin alikuja kufukuzwa Oktoba 31, siku moja tu baada ya bodi kutaka abaki. Hao wazazi hawakuwa wasumbufu, walimwamini aliyekuwa na mtoto wao. Nikikumbuka hiyo stori hata utetezi wa "hakudhurika" naona unanikwama kooni.

*Leach aliishia wapi? Na ile Alamo Bowl walifungwa?*

Walishinda bila yeye, 41 kwa 31 dhidi ya Michigan State, msaidizi wake Ruffin McNeill ndo alikaa kwenye benchi. Leach alikaa misimu miwili bila timu, akaenda Washington State ambako 2018 aliwapa ushindi wa mechi 11, kisha Mississippi State, na akiwa huko akafariki Desemba 12, 2022, ana miaka 61. Texas Tech aliondoka na ushindi 84, hakuna kocha aliyefikisha idadi hiyo kabla yake pale. Mpaka miaka ya mwisho alikuwa anawaambia hadharani wamlipe dola milioni 2.5 zake za msimu wa 2009. Hawakumlipa.