Barua kwa Shangazi: Mkaa wa elfu mbili na maharage yasiyoiva

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, mume wangu anaendesha bajaji. Mkaa nanunua wa kupimiwa, wa elfu mbili kwa siku. Nikipika maharage unaisha wote na bado magumu, inabidi nikakope mwingine. Jirani kanishauri nitie magadi, lakini watoto hawaipendi ile ladha. Nifanyeje?*
Mama wa watatu, Kihonda, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hujasema kama unayaloweka, na mimi naona hapo ndipo elfu mbili yako inapopotelea. Usiku ukishaosha vyombo, chagua maharage, toa vijiwe, yaoshe, uyamwagie maji yayapite kwa vidole vinne. Asubuhi utayakuta yamevimba. Maji yale kamwagie mchicha, usiyapikie. Kazi ya kulainisha imeshafanyika bure wakati umelala.

Halafu mwangalie na muuzaji wako. Maharage yaliyokaa stoo yenye joto tangu msimu uliopita yanakuwa mabishi hata uyaloweke siku mbili. Nunua robo kwanza, kapike. Ukiona yameiva vizuri, rudi upesi uchukue kilo tatu za gunia lile lile kabla halijaisha. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive kabisa, maana uchachu unayafanya yakaze.

Sasa nikupe la mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Nilipoolewa Tanga nilimkuta na kapu la ukili lililokwisha kukatika mkono mmoja. Ndani alilitandika blanketi kuukuu, na juu alikuwa na mto wa sufi uliokatwa ukaenea mdomo wa kapu sawasawa. Asubuhi anabandika maharage yaliyolowekwa, yanachemka kwa nguvu nusu saa, mfuniko juu. Anaepua sufuria bila kufunua, analitumbukiza kapuni, anakandamiza mto, tunaenda shamba. Tukirudi saa saba mchana anafunua. Siku ya kwanza sikuamini: mvuke ulimpiga usoni, na harage alilolibonyeza kwa vidole viwili likapasuka kama kiazi cha kuchemsha. Moto ulikuwa umewaka nusu saa tu! Yaliyobaki ni kuunga kwa nazi na kitunguu.

Mambo mawili usiyapuuze. Ile nusu saa ya kuchemka kwa nguvu usiipunguze, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo vibaya, na joto la kapuni peke yake haliiondoi. Na sufuria lijae angalau robo tatu; maharage ya kikombe kimoja kwenye sufuria kubwa yanapoa kabla hayajaiva. Kama huna kapu, boksi gumu lililojazwa nguo kuukuu linafaa.

Makaa yanayobaki yakiwa mekundu yatie kwenye chungu au sufuria bovu, funika pasipite hewa, uliache nje. Yatazimika na kesho utawashia. Usiyamwagie maji, yanapasuka na kubaki vumbi. Na nakuomba sana, hata mvua ikinyesha, hata watoto wakilia baridi, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Hewa yake haina harufu na inaua.

Magadi yanalainisha kweli, jirani hajakudanganya. Lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na kama nyumbani kuna mwenye presha si mazuri. Ukiwa na kapu hutayahitaji.

*Shangazi, mtungi wangu wa kilo 6 unaisha siku 18. Rafiki yangu wake unafika mwezi na sote tuko wawili nyumbani. Je, naibiwa?*
Kijana wa Nyegezi, Mwanza

Inawezekana, lakini usimtuhumu mtu kabla hujapima. Kwenye mtungi, karibu na mshikio, tafuta herufi TW na namba pembeni yake. Huo ni uzito wa mtungi mtupu. Ukikuta 7.4, basi mtungi uliojaa kilo 6 lazima usome 13.4 kwenye mizani. Omba upimiwe mbele yako kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kama uzito uko sawa, angalia mwali. Unatakiwa uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na masufuria yanapata masizi, matundu ya jiko yameziba. Zima, acha lipoe, zibua kwa sindano na uyaoshe kwa maji ya sabuni. Paka na povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga mtungi, fungua madirisha, na usiwashe hata kiberiti. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya kupika bila mfuniko, ambayo vijana wengi mnayo.

*Shikamoo Shangazi. Tupo wapangaji watano, mita moja ya LUKU. Kila mmoja anachangia sawa, lakini mimi nina taa mbili na simu tu, mwenzangu ana friji na pasi na anachemsha maji ya kuoga kwa hita. Umeme hauishi kuisha na kila siku ugomvi. Tufanyeje?*
Mpangaji, Mbagala

Marahaba. Ugomvi wenu unatokana na kuchangia vichwa badala ya vifaa. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti. Hita ya wati 1,500 kwa dakika ishirini ni nusu uniti, na ikitumika kila siku kwa mwezi ni uniti 15. Taa yako ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku, mwezi mzima haifikishi uniti moja na nusu. Kaeni chini na daftari mpige hesabu hii mbele ya wote, bila kelele. Nimeshaona nyumba zikipatana kwa daftari baada ya miaka ya kununiana.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui. Mteja wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo, wanaloliita D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Ikizidi hapo, kila uniti inayozidi ni 350. Wapangaji watano kwenye mita moja ni vigumu kubaki ndani ya 75, kwa hiyo nafuu hiyo inawaishia mapema nyote, hata wewe mwenye taa mbili. Mwombeni mwenye nyumba, kwa adabu na kwa pamoja, kila chumba kipate mita yake. Akisema gharama kubwa, angalau muweke mita ndogo za ndani ili kila mmoja aone anachokula.

Na huyo mwenye friji mwambie afunge mlango wake juu ya noti, kisha aivute. Ikitoka bila kugoma, mpira wa mlango umechoka au una uchafu. Aufute kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usipobana hata hapo aubadilishe, maana hiyo friji inapoza baraza lenu.

*Shangazi, kila siku namwaga chakula na roho inaniuma. Wali, ugali, mboga. Mama yangu angeniona angelia. Nipe njia ya kutumia viporo.*
Binti wa Dodoma

Mwanangu, nimepika miaka 22 kwenye jiko la shule ya bweni, na hili linanigusa kuliko yote. Mwaka wangu wa pili pale alikuja mtunza stoo mpya, mama mkimya. Akaleta ndoo tatu na kuziweka kwenye mlango wa bwalo: moja ya ugali, moja ya maharage, moja ya mboga. Kila jioni akawa anazipima na kuandika ukutani kwa chaki. Wiki ya kwanza ndoo ya ugali ilijaa kila siku. Sisi wapishi tulinyamaza, maana wenyewe ndio tuliokuwa tukiusonga. Hakumgombeza mtu. Jumatatu tukapunguza unga debe moja, watoto wakashiba vile vile, na chini ya ndoo pakaanza kuonekana.

Ndiyo maana kabla ya mapishi ya kiporo nataka ujue unamwaga kiasi gani. Tenga bakuli moja. Kila kinachobaki kipitie humo kwanza, pima kwa kikombe, andika. Inawezekana unapika vikombe vitatu vya mchele kwa sababu ndivyo alivyopika mama, na mama alikuwa na watu tisa.

Kinachobaki kweli, kitunze mapema. Wali uutandaze kwenye sinia upoe haraka, ufunike, uingie kwenye friji. Usiuache sufuriani mpaka asubuhi, hasa wa nazi, unachacha. Kama huna friji, pika kidogo, usijaribu bahati. Kesho yake ukaange kwa kitunguu na karoti mpaka uwe wa moto hasa, mara moja tu. Ukibaki tena usiurudie. Ugali ulale umefunikwa, asubuhi ukate vipande uuchome juu ya makaa mpaka ganda liwe kahawia, unywe na chai. Mabua ya mchicha usitupe, yakatekate yaingie kwenye dagaa. Maganda ya viazi na ndizi yapeleke kwa mwenye kuku, na mara nyingine atakurudishia yai.

Anza Jumatatu na hilo bakuli. Jumapili niandikie ni vikombe vingapi.